Jicho la Bi Mwanawema

Siku njema huonekana asubuhi, lakini za Vuai hazikuonekana mpaka mpira umtoke mkononi. Jumamosi hii angetia kikapuni kutoka mbali hata nahodha wake, Msellem, akabaki mdomo wazi. Jumamosi ya pili angerusha mpaka kuku wa jirani wakahama. Na kijana mwenyewe, Mungu amsamehe, kila akitia alijisifu, na kila akikosa alitafuta wa kumsingizia.

Mwaka ule wa 1959 alimpata. Msimu wa karafuu, sakafu ya klabu pale Chake ilianikwa karafuu tangu asubuhi, zikazolewa alasiri ili vijana wacheze, na Bi Mwanawema, mwenye karafuu zile, akabaki pembeni kwenye jamvi kulinda magunia yake. Siku moja Vuai alitia mara mbili mfululizo, bibi akasema, "Lo, mtoto huyu ana mkono!" Hakuongeza mashaallah. Vuai hakutia tena jioni ile, akatangaza mji mzima kwamba amepigwa jicho la husuda.

"Basi n'takaa nikupe mgongo," bibi alimwambia huku akicheka. "Nsije nkakumaliza, mwanangu."

Ikaja mechi na timu ya Wete. Msellem hakumficha: "Ukiharibu tena leo, Jumamosi ijayo utakaa nje ushike mashati ya wenzio." Vuai alijichekesha, lakini kamba za viatu alizifunga mara mbili. Mchezo ule aliupenda kuliko chakula.

Bi Mwanawema alikaa akitazama ukuta, kama alivyoahidi. Vuai akarusha, mpira ukagonga ubao. Akarusha tena, haukugusa hata chuma cha kikapu. Mara ya tatu ulipita juu ya ukaya aliojitanda bibi kichwani, ukaangukia magunia.

"Nani kanitupia?" bibi aliuliza bila kugeuka.

"Mie, Bi."

"Kumbe n'na jicho la kisogoni, na mie sijui!"

Watu wakaangua kicheko. Vuai aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Geuka utazame, Bi," alisema taratibu. "Mkono wangu, na kosa langu."

Mwisho ulikaribia, Wete wakiongoza kwa pointi moja, mpira ukamfikia Vuai mbali na kikapu, pale pale anapopapenda. Mkono ulimwasha. Vijana wawili wa Wete wakamrukia, wakijua atarusha tu, maana lini hakurusha? Chini ya kikapu mwenzake Ngwali alisimama peke yake, amekwisha kata tamaa ya kupewa. Vuai akampa. Ngwali alishangaa kidogo, kisha akatia.

Filimbi ikalia. Ngwali akabebwa juu juu. Vuai alibaki akifuta jasho, amefurahi na roho inamuuma kidogo, kwani hakuna aliyemtaja. Alipomwona Msellem anakuja, akawahi yeye.

"Leo sikutia hata moja, nahodha."

"Nimeona," Msellem alimjibu. "Jumamosi unaanza wewe."