Asisemeshwe Mrushaji

Saa tisa na nusu alasiri Garrett Holub alikuwa ameketi kwenye chumba cha kubadilishia nguo akijipaka rangi ya kucha ya binti yake, ya njano, mkono wa kulia tu. Alikuwa mdakaji wa besiboli, na mrushaji huzisoma ishara za vidole vya mdakaji kutoka mbali. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Vidole vitatu kati ya hivyo vilishawahi kuvunjika.

"Babu, unaenda harusini?" Eliseo Peguero alimuuliza.

"Naenda kukuoa wewe. Bega linasemaje?"

"Linanitukana."

"Kwa Kihispania?"

"Kwa lugha zote."

Eliseo ndiye aliyekuwa mrushaji. Alirusha Alhamisi, akarusha tena Jumapili, na leo Jumatano alipangwa kurusha tena, ingawa bega la mrushaji linataka siku nne za kupumzika. Kocha Mulvaney alikuwa amemuuliza mbele ya wenzake kama anaweza. Mbele ya wenzake mtu husema anaweza.

Ilikuwa mechi moja tu. Tangu Aprili, Wahunzi, timu ya mji huu wa viwanda vya chuma kando ya Ziwa Erie, walikuwa wamecheza mara mia moja sitini na mbili ili wafike hapa. Nyigu, wapinzani wao waliotoka kusini, vilevile. Atakayeshinda leo ataendelea, atakayeshindwa atafunga mizigo. Watu elfu arobaini walikuwa wameingia uwanjani, na baridi ilikuwa kali kiasi kwamba kila mdomo ulitoa mvuke.

Katika duru tatu za kwanza kati ya tisa, hakuna Nyigu aliyeupiga mpira wa Eliseo akafika hata kituo cha kwanza, sembuse kuvizunguka vyote vinne hadi cha nyumbani, kinacholeta pointi. Hapo desturi ikaanza. Mrushaji akiwa katika hali hiyo hasemeshwi. Wenzake humwachia benchi, hawamtazami, wala hawataji kinachotokea, kwa sababu kikitajwa huharibika. Maneno machache ya kazi tu ndiyo yanayoruhusiwa. Hata watangazaji hulizunguka jambo lenyewe kama mtu anayezunguka shimo.

Katika duru ya nne, kati ya mpigaji wa pili na wa tatu, Eliseo alikufa.

Hakuanguka. Holub alijua kwa mambo mawili: mvuke ulikoma mdomoni mwake, na mpira uliofuata uliingia kwenye glavu ukiwa wa baridi, kama uliotolewa kwenye friza. Ulikuwa mpira mzuri. Mpigaji alipiga hewa mara tatu, akarudi kukaa.

Mwamuzi, aliyesimama nyuma ya Holub, aliinama. "Yule yuko sawa?"

"Amekufa."

"Anaweza kurusha?"

"Umeona mwenyewe."

Mwamuzi alifikiri kidogo. Kitabu cha sheria kinataka mguu wa mrushaji uguse ubao ulio juu ya kilima kidogo anachorushia. Kuhusu kupumua hakisemi kitu. "Haya, tuendelee," alisema.

Duru ilipokwisha, daktari wa timu alimpitia Eliseo kwa nyuma, akamshika kifundo cha mkono kana kwamba anamkunjulia shati, kisha akaenda kumnong'oneza kocha.

"Tangu lini?" kocha aliuliza.

"Dakika tano hivi."

"Anaumia?"

"Hapana. Haumii tena."

"Basi bega limepona." Kocha alitema maganda ya alizeti. "Mtu asimwambie. Akijua ataanguka."

"Angekufa Agosti tungemaliza wa kwanza," alisema mchezaji mmoja, na wenzake wakacheka kwa kujibana.

Katika duru ya sita Yaritza, mke wa Eliseo, alishuka kutoka safu ya tisa mpaka kwenye uzio ulio juu ya benchi la Wahunzi. Na yeye alikuwa ameuona mvuke ukikoma.

"Garrett."

"Naam, shemeji."

"Mwambie mume wangu amekufa."

"Siwezi. Hawajaupiga mpira wake hata mmoja."

"Bibi yangu alikuwa akisema maiti aambiwe kabla jua halijazama. Akiambiwa mapema anaijua njia ya nyumbani. Jua likimkuta hapa, atabaki hapa. Nimemwita mpaka sauti imekauka, kelele hizi hazimwachii asikie. Wewe ndiye unayemwendea pale kilimani."

Holub alitazama magharibi. Jua lilikuwa bado juu ya paa la kiwanda kilichofungwa.

"Baada ya duru hii," alisema.

Alisema hivyo katika duru ya sita, akasema tena katika ya saba. Katika ya nane alipanda kilimani. Vumbi lilikuwa limetua ndani ya macho ya Eliseo na hakuyapepesa. Holub alifunika mdomo kwa glavu, kama wachezaji wote wafanyavyo, wapinzani wasimsome midomo. Neno lenyewe alikuwa nalo ulimini. Eliseo alimwinamia ili asikie vizuri.

"Chini, upande wa nje," Holub alisema, akarudi mahali pake.

Duru ya tisa ilianza bila timu yoyote kupata pointi. Kwa mipira baridi aliyokuwa akiidaka na kuirudisha, mikono yote miwili ya Holub ilikuwa imekufa ganzi. Nyigu mmoja alipewa kituo cha kwanza bure, kwa mipira minne iliyokwenda pembeni. Akaiba cha pili, akikikimbilia wakati Eliseo anarusha, akaiba na cha tatu, na mara zote mbili Holub alirusha mpira kumzuia ukaanguka njiani. Kisha Eliseo akarusha wa chini, upande wa nje, jinsi alivyoagizwa. Uligonga glavu ya Holub, ukateleza, ukabingirika hadi ukutani. Yule Nyigu alikimbia hadi kituo cha nyumbani. Moja bila, na hakuna aliyeupiga mpira.

Wapigaji watatu wa Wahunzi waliingia wakatoka bila pointi, na mechi ikaisha. Alipokuwa anaingia wa pili, jua lilishuka nyuma ya kiwanda.

Desturi ikaisha. Holub aliketi karibu na Eliseo.

"Eli, ndugu yangu. Ulikufa. Duru ya nne."

"Najua, Babu. Niliuona mvuke ukikoma." Eliseo alikuwa akivua glavu taratibu. "Nilikuwa nangoja mtu aniambie niende. Ulipopanda nikadhani ndiyo unaniambia." Alitazama huku na huku. "Hivi mlango uko wapi?"

Holub alimwonyesha mlango ambao Eliseo alikuwa akiupita kwa miaka sita. Eliseo aliangalia pale pale ukutani, asiuone. Yaritza alikuwa amesimama ndani ya mlango huo, koti la mumewe mkononi.

Aprili iliyofuata Eliseo alikuwa bado yumo uwanjani. Kocha alimpa kazi ya asubuhi, kuwarushia wapigaji wanaofanya mazoezi, mipira mia sita kwa siku, kwa kuwa hachoki. Yaritza aliendelea kuja. Alikaa safu ya tisa, koti mapajani.

Wiki ya tatu, siku ya baridi, mrushaji mwingine wa Wahunzi, Tolliver, alirusha duru tano bila kuguswa. Alikuwa amerusha siku mbili kabla, na kiwiko chake kilikuwa kimevimba ndani ya bandeji. Aliketi kwenye benchi, mvuke wa mdomo wake ukitoka mwembamba, kisha mwembamba zaidi, akamgeukia Holub kama mtu anayengoja kuulizwa jambo. Kutoka safu ya tisa Yaritza naye alikuwa anamtazama Holub.

Holub aliangalia kucha zake za njano. Kisha akasogea kando, akamwachia benchi.