Bukuru na Butoyi

Transfoma zetu mbili zilipanda Heru Juu kwa lori moja, mwaka 1974, na mafundi wenzangu wakazipa majina ya pacha: Bukuru wa zahanati ya misheni, Butoyi wa mashine ya kusaga ya Hilali. Laini yao ya umeme ilikuwa moja, kutoka mtambo wa maporomoko ya maji.

Tangu mwanzo walinitia kiwewe. Hilali akimwasha Butoyi, Bukuru, ambaye amewaka tangu asubuhi na hakuna aliyemgusa, huanza kuguna. Butoyi akiamka huvuta umeme kwa pupa, na pupa hiyo humwambukiza mwenzake. Hapo rilei, kile chombo cha kulinda, hudhani kuna hitilafu na kuikatia zahanati umeme. Niliitukana rilei ile mpaka matusi yakaniishia.

Siku mke wangu Epifania aliposhikwa na uchungu, mvua ilifanya mchana kuwa giza. Tulikwisha kuzika watoto wawili, kwa hiyo sikutaka mchezo. Nilikwenda kwa Hilali, nikang'oa mpini wa swichi yake, nikautia mfukoni.

"Leo husagi," nilimwambia.

"Nenda fundi. Mungu amjalie salama." Akafunga mlango, akaenda kwake.

Nilikaa kwenye kibanda cha swichi nyuma ya zahanati. Nikasikia mtoto analia, nikacheka peke yangu. Papo hapo Bukuru akaguna. Nilishika mfuko, mpini ulikuwamo. Rilei ikakata, madirisha yakawa meusi.

Nilihangaika na swichi, ikakataa, ikakataa tena, mpaka taa zikarudi, nikakimbilia mlangoni.

Mkunga wetu, Mama Pelagia, alichungulia. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Nilikuwa namdunga ile sindano ya kubana kizazi," alisema. "Taa ikazimika. Nikaiweka chini, nikamshika tumbo gizani. Nikakuta mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mtoto, Melkiadi. Ningedunga, kizazi kingembana humo humo. Wote wazima, na mama yao."

Nililia bila aibu, nikaenda kumshukuru Bukuru. Kisha nikapanda kwenye mashine ya Hilali. Mlango ulikuwa na kufuli, Butoyi amepoa, kimya.

Kwetu ukimsalimu pacha mmoja, sharti umsalimu na mwenzake. Nikasimama mvuani, nikamshukuru Butoyi pia. Sikungoja nisikie kama atajibu.