Risasi Ilivyolazwa Kipawa

Jumatatu moja ya mwaka 1948, Kokushubila alikata fungu la mchicha nyuma ya nyumba yake Kipawa, akashindwa kuliinua. Akamwita mumewe Wilbert, karani wa bandarini, wakalibeba wawili kama gunia la mahindi. Wakalipika, wakala, mboga ni mboga. Ilipofika Ijumaa, binti yao Demetria alikuwa akilia tumbo, na mikono haikuinuka hata kusuka nywele.

Bi Samiha, mwenye duka la jirani, akaja kumjulia hali.

"Shikamoo, Bi Samiha," Kokushubila akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akachota udongo wa bustani, akaupima kiganjani. "Hii risasi, ile metali nzito ya betri. Karakana ya betri huko juu yamwaga maji yake, mvua yawaletea nyie."

"Baba Demetria kaenda kuwaambia mara tatu. Mzungu wa karakana anasema udongo wa Kipawa ni mzito tangu kuumbwa."

"Basi mtahama?"

"Kwetu Bukoba shamba halitupwi, Bi Samiha. Linalishwa."

Wakanunua mboga sokoni, na bustani ikaanza kulishwa. Kokushubila alisomba samadi ya ng'ombe, akaokota mifupa buchani, akaichoma na kuiponda kwenye kinu mpaka ikawa unga. Bi Samiha akatoa magunia mawili ya chokaa aliyoiweka apake nyumba yake kwa Idi. "Ukuta utasubiri," alisema. Wakachanganya, wakageuza udongo, wakamwagia maji.

Mwezi wa nne, saa tano asubuhi, risasi ikapata usingizi. Ilikoroma taratibu, kama sufuria ya maharage. Wapita njia wakashusha sauti, kuku wakawa wananyata. Demetria, aliyekwishapata nguvu, akalaza sikio chini.

"Mama, inaota."

"Inaota nini?"

"Mlima ilikotoka."

"Iache iote," mama akasema, akapanda mbegu. Mchicha ukaota mwepesi, wakaula.

Kisha ikaja barua ya karakana: mkoromo unawasumbua mafundi, ukomeshwe ndani ya siku kumi na nne. Kokushubila aliisoma mara mbili, akawashia moto wa chai. Karakana ikaendelea kumwaga maji yake kila jioni.

Asubuhi yake alijitwika kinu hadi kwa Anjelina, nyumba ya pili kuelekea mlimani, ambaye bamia zake zilikuwa zimeanza kuvunja visu. Akamwonyesha namna ya kuponda mifupa.

"Polepole, dada," akamwambia. "Ya kwangu bado imelala."