Ukurasa wa Dada

Mume wangu hawezi kupata soksi mbili zinazofanana, lakini mpe picha nne na karatasi tupu, atakueleza kwa nini tatu zimekaa vibaya. Miaka thelathini alipanga kurasa za gazeti, wenzake wakamwita Rula. Tangu astaafu hana ukurasa wa kupanga, kwa hiyo anapanga sebule yangu. Kochi limeshahamishwa mara tatu, kisa ukuta hauna mizani.

Ndiyo maana nilipoamua kumtengenezea dada yangu albamu, kazi nilimkabidhi yeye. Dada na mimi tulikuwa hatujasemezana miaka mitatu. Tuligombania kabati la marehemu mama, na kabati lenyewe mlango mmoja haufungiki. Yeye alilichukua, mimi nikasema maneno, maneno ambayo leo nikiyakumbuka naona haya. Juzi nikajishusha, nikampigia simu. Akasema atapita Jumamosi saa kumi, nusu saa tu. Kuomba radhi sijui, sijawahi kujua. Nilitaka albamu iniombee.

Rula alitandaza magazeti mezani, akachagua mkasi, akaanza kunipa somo ambalo sikuliomba. Picha moja iwe kubwa, nyingine ziifuate. Pembeni uache nafasi, ukurasa upumue. Karatasi ya kubandikia ichukue rangi iliyomo kwenye picha yenyewe. Alilinganisha vipande vya kijani na gauni la mama hadi nikamuuliza kama anachagua mchumba.

"Na mtu aliye pichani," akasema, "lazima atazame ndani ya ukurasa. Akitazama nje, msomaji naye anatoka."

"Msomaji wetu ni mmoja," nikamwambia. "Na huyo hata kuingia bado."

Lakini kurasa zilipendeza, nisiwe mchoyo. Kwenye ukurasa mmoja aliweka picha kubwa ya mama, anacheka, na sisi watoto tunashuka pembeni yake ngazi kwa ngazi. Nilimsifu, nikaenda jikoni kuandaa chai. Hapo ndipo nilipokosea, maana mtu huyu ukimsifu anaongeza.

Niliporudi, saa kumi kasoro robo, ukurasa wa mwisho ulikuwa tayari. Huo niliutengea picha moja tu, ile pekee niliyowahi kupiga na dada tukiwa wasichana. Siku hiyo tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya viatu, kwa hiyo kila mmoja alitazama upande wake. Rula alikuwa ameikata katikati.

"Wote wawili mlikuwa mnatazama nje," akaeleza, huku anapuliza gundi. "Nimewabadilisha pande. Wewe upande wa kushoto, dada yako wa kulia. Sasa mnatazamana."

"Umeikata picha yangu?"

"Gazetini tulikata kila siku."

"Gazetini zilikuwepo nakala. Ya hii iko wapi?"

Mtu mzima, mvi kichwa kizima, aliuangalia ule mkasi utadhani umejikatia wenyewe. Ningemchapa kwa rula yake mwenyewe kama machozi yasingekuwa yamenijaa. Dada angefungua albamu, angeona nimemkata, angesimama na kuondoka, na safari hii asingepokea simu. Nilijaribu kubandua kwa ukucha. Gundi ilikuwa imeshika, na mlangoni mtu akabisha hodi.

Dada alinisalimu kwa ufupi, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Nikampa albamu, sina kingine cha kumpa. Akaifungua polepole. Kwenye ukurasa wa mama alitabasamu kidogo, na Rula akaona hiyo ndiyo nafasi yake.

"Hapo, shemeji, angalia nilivyoacha pembeni..."

Nikamkanyaga mguu.

Dada akafika ukurasa wa mwisho. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mmenikata," akasema.

"Ni mimi, shemeji," Rula akajibu haraka. "Mwenzako hakujua."

Nilitaka kueleza habari za msomaji na mizani na kutazama ndani. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Nisamehe, dada. Picha hii, na yale maneno. Yale maneno hasa."

Aliinamia upande wa kulia, akaweka kidole kwenye picha.

"Huu mkono ni wa nani?"

Nikasogea kuona. Kwenye bega lake la mbali palikuwa na vidole vinne, vimelikamata gauni. Mkasi ulipita katikati yetu, vidole vikabaki kwake. Upande wangu, wa kushoto, mkono ulianzia begani ukaishia hewani.

"Wangu," nikasema.

"Siku ile ulikuwa umeninunia."

"Mpiga picha alituambia tusogeleane."

"Kusogea, ndiyo. Hakukwambia unishike."

Mwenyewe nilikuwa nimesahau kabisa, na miaka yote hiyo kila nilipoitazama picha niliona nyuso tu, zilivyonuna.

Rula alikohoa. Kwa kutaka kutengeneza alichoharibu, akanyoosha mkono kuchukua mkasi. "Hivyo vidole naweza kuvitoa vizuri sana, shemeji. Nikaviunganisha na mwenyewe, hata alama hutaiona."

Dada akaifunika picha kwa kiganja.

"Usiviguse," akasema. "Hivi nilishapewa."