Kola Kumi za Mchana

Mimi na Shamsa damu zetu haziendani, na sijawahi kuficha. Tunashona kola za mashati ya shule, cherehani yake mbele ya yangu, na kila saa msimamizi anaandika ubaoni kila mtu amefikisha ngapi. Asubuhi wote tunafika arobaini kwa saa. Ikigonga saa nane bati linawaka, ugali umekaa tumboni, na hata ishirini na tano zinapatikana kwa mbinde.

Ndiyo maana tuna akiba. Unaficha kola kumi za kila saa ya asubuhi mapajani, chini ya kitenge, mchana unazichomoa kidogo kidogo, hesabu isishuke. Kiwanda kizima tunafanya hivyo. Mimi nimekulia Magu kwenye pamba, hakuna wa kunifundisha kudanganya mzani.

Kisha akaja Yash, mpwa wa mwenye kiwanda, na kompyuta yake. Akasema robo saa ya chai ya saa tisa ni hasara. Atahesabu mwenyewe wiki moja, ubao ukae mtupu. Kama kweli tunachoka mchana, chai ibaki. Kama hatuchoki, inaondoka.

Wanawake wote tukakubaliana chooni: wiki hii hakuna akiba, hesabu ianguke aione. Wala haikuwa chai tu. Saa tisa mama yake Odeta, mshonaji mwenzetu, humleta mjukuu getini anyonye, mtoto wa miezi minne. Odeta alitushika mikono mmoja mmoja.

"Dada Modesta, nakutegemea."

Nikaapa. Ila nilipokaa nikautazama mgongo wa Shamsa, nikajiambia huyu hawezi kutimiza. Atachomoa akiba yake kimyakimya, asifiwe, mimi nionekane mzembe. Nilichukia hata anavyofunga kilemba. Nikaficha kola kumi kumi siku ile, na wiki nzima.

Ijumaa Yash akatukusanya, akasoma. Shamsa, asubuhi arobaini na moja, mchana ishirini na nne. Mboni, mchana ishirini na sita. Wote walikuwa wameanguka kama tulivyopatana.

"Modesta. Asubuhi thelathini, mchana thelathini na tano." Akanipigia makofi, yeye peke yake. "Mmoja akiweza, wote wanaweza. Nyinyi wengine ni wavivu tu. Chai hakuna tena."

Shamsa hakugeuka kunitazama. Afadhali angenitukana, matusi yake ningeyajibu.

Jumatatu saa tisa kengele haikulia. Kilichosikika ni mtoto getini, analia bila kupumzika. Odeta aliendelea kushona, kifua cha blauzi kimelowa. Baadaye akainuka, akaja hadi kwenye cherehani yangu.

"Dada, nenda wewe ukambembeleze," akasema taratibu. "Si wewe ndiye usiyechoka?"

Niliinamisha kichwa nikashona, na saa ile nilifikisha kola tisa.