Droni Iliyokunywa Chumvi

Maneno yalitoka kinywani mwa Yakoub mwenyewe, tena barazani, mama yao akisikia. Droni yake ya kupigia picha za harusi ilikuwa imeanguka baharini pale Ushongo, betri ilipoisha, bwana harusi akiwa bado anashushwa botini. Vijana waliipigia mbizi wakaitoa, inachuruzika maji kila tundu. Yakoub aliitikisa, akabonyeza, akasonya.

"Imekwisha hii. Ya kutupa."

"Nipe mimi, kaka," alisema Khairat, mdogo wake.

"Wewe? Darasa la saba la Ushongo, ufufue droni?" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, chukua. Na rimoti yake, na betri ya akiba. Ukiifufua, iwe yako."

Khairat aliipokea. Tangu siku droni ile ilipoingia nyumbani, Yakoub hakumruhusu hata kuigusa, eti mikono yake ina chumvi ya mwani. Sasa ilikuwa mapajani mwake, na hakuwa na nia ya kuirudisha.

Betri iliyolowa ilikwisha kuvimba kama andazi. Aliichomoa, akaiweka mbali mchangani isije ikawaka moto ndani. Akatandika kanga kuukuu, akafungua skrubu moja moja, kila moja akiilaza juu ya ua lake kwenye pindo la kanga ili ajue itarudi wapi. Kisha akachota maji kisimani, akaitosa droni ndani.

"Mtume!" Bi Kazija, mama yao, alishika kichwa. "Imekufa kwa maji, nawe waizamisha tena?"

"Kinachoiua ni chumvi, mama. Mashine za boti zikitoka baharini, si huwashwa ndani ya pipa la maji baridi ya kisimani? Chumvi ikikaa inakula chuma."

Loveness, jirani yao, alichungulia mlangoni. "Ifukie kwenye mchele, shoga, mchele unanyonya maji."

"Mchele wa kupika hatuna," alisema Bi Kazija, "wa kufukia droni tuutoe wapi?"

Khairat aliianika kwenye ungo, kivulini penye upepo, asiisogeze karibu na moto hata alipoona inachelewa. Ilipokauka aliifunga, akatia betri ya akiba. Taa iliwaka. Mapanga matatu yakazunguka. La nne likatetemeka kama mwenye homa, mara kila kitu kikazima.

Yakoub alikuwa mlangoni anaona. "Maiti umeshaiosha, sasa izike!"

"Ni ya nani hii, kaka?"

"Nani anaitaka? Yako, yako."

"Basi mwenye maiti ni mimi, na sijasema izikwe."

Akafungua upya. Kuzunguka mota ya panga lile la nne, na juu ya kibao cha nyaya kilichomo ndani, kulikuwa na unga mweupe. Aliuchovya kwa kidole, akaulamba. Chumvi! Ya bahari alikwisha kuiosha. Hii imetoka wapi? Macho yakamwendea kwenye birika, na ule ukoko mweupe ndani yake. Akakumbuka sabuni inavyokataa kutoa povu. Ndiyo hivyo: majirani wote pale waliyaita yale ya kisimani maji baridi kwa kuwa si ya bahari, na mgeni tu ndiye aliyekunja uso akipewa chai. Alikuwa ameitoa droni kwenye chumvi akaitia kwenye chumvi.

Pembeni mwa ua palikuwa na pipa la maji ya mvua la Bi Kazija, limefunikwa na kufungwa kamba. Yalikuwa maji ya maharage, hayana kazi nyingine. Kwa ya kisimani maharage hutokota kutwa yakabaki mawe.

"Mama, naomba maji ya pipa."

"Ya kupikia?"

"Ya kuoshea."

"Thubutu!"

"Basi maharage siyali mpaka mvua inyeshe. Nipe fungu langu la maji."

"Nitayapika mbele yako, uyanuse."

"Pika."

Bi Kazija alimtazama, akafungua kamba. "Chota. Ukimwaga ovyo nitakuchapa na ukubwa wako huo."

Khairat aliisugua kwa mswaki laini, akaisuuza, akazungusha kila mota kwa kidole mpaka asisikie tena chembe ya mchanga. Akaianika upya. Maharage ya nazi yalipikwa, yakanukia nyumba nzima; yeye alikula ugali na dagaa, hakunyoosha mkono.

Asubuhi, droni ilipokuwa imekauka vyema, aliiweka katikati ya ua. Mapanga yote manne yakazunguka, vumbi likaruka, kuku wakatimka. Droni ikainuka, ikapepesuka kidogo, ikatulia hewani.

"Usiipeleke kwa jirani!" Bi Kazija alijitanda kanga haraka. "Watu wako nyuani mwao vichwa wazi!"

"Siingii ua wa mtu, mama."

Yakoub aliusikia mlio, akaja mbio, meno yote nje. "Mdogo wangu! Nina harusi Mkwaja. Ishushe, ishushe!"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ishushe."

"Mkwaja nitakwenda nayo mimi. Ukitaka picha, tutakwenda wote, mimi narusha."

"Ule ulikuwa utani, Khairat! Mama, mwambie."

"Mpe kaka yako, mwanangu," alisema Bi Kazija kwa upole. "Ndiyo kazi yake."

Khairat alihisi maneno ya mama yakimwingia. Hata hivyo vidole havikutoka kwenye rimoti. "Samahani, mama. Hapo sikutii."

Yakoub aliruka aidake. Khairat akaipandisha, ikapita juu ya bati. Yakoub akaruka tena, mikono mitupu. Akamgeukia Khairat.

"Ukininyang'anya rimoti itaanguka," alisema Khairat, anarudi nyuma hatua kwa hatua. "Nani ataifufua? Wewe?"

Yakoub akasimama, anahema. "Betri itaisha. Utaishusha tu."

"Nitaishusha."

Khairat akaileta chini taratibu, ikampita kaka yake usoni, akanyoosha mkono na kuishika yeye mwenyewe.