Kinywa cha Mtani

Usingizi hauna adabu, haubishi hodi, na leo unamkuta Naelijwa Mgonja kwenye benchi la hospitali ya wilaya, asubuhi kweupe, mikono kaikunja juu ya mkoba kama mtu aliyeketi kanisani. Amekuja kuchukua dawa zake za kifafa. Bintiye anazijua, na kijana anayemchumbia bintiye anazijua pia, maana binti alimwambia mwenyewe mapema. Ila wazee wa kijana hawazijui, na Jumamosi ndiyo siku wanayoleta posa. Wazee hao, kama wazee wengi wa milimani, huuliza kwanza habari za ukoo: huko kuna wazimu, kuna ukoma, kuna kifafa? Daktari alishamweleza Naelijwa kwamba chake ni kovu lililoachwa ubongoni na malaria ya utotoni, hakirithiwi wala hakiambukizi, lakini nani atasimama kueleza habari za makovu mbele ya kamati ya wajomba? Na kana kwamba hilo halitoshi, kwenye dirisha la masijala, pale majalada ya wagonjwa yanapotolewa, anakaa Ndeshi, jirani yake, Mchaga, mtani wake. Wapare na Wachaga wanataniana tangu mababu, na mtani hana breki: msibani anamcheka marehemu, harusini anamzomea bwana harusi, na ukinuna wewe ndiwe mwenye makosa. Katika mtaa wao Ndeshi ndiye bingwa wa kazi hiyo. Na leo, kuongeza chumvi kwenye kidonda, Naelijwa amemkuta benchini Mama Lyatuu, shangazi wa kijana, aliyekuja kupima presha. Wamesalimiana kwa heshima zote za wakwe watarajiwa, kisha Mama Lyatuu akaitwa ndani. Sasa Naelijwa anamtazama Ndeshi dirishani, anatazama mlango alioingia Mama Lyatuu, na anapima kwa macho jinsi ilivyo karibu kutoka kinywa hiki hadi sikio lile. Jana hakulala kwa mawazo. Leo hata chai haikupita kooni. Mara anasikia harufu ya maharage yanayoungua, anageuka kutafuta jiko, jiko halipo, na korido inaanza kurefuka.

Inarefuka polepole, bila haraka, milango inaongezeka huku na huku, na Naelijwa anatembea ingawa hakumbuki kusimama. Saruji inakuwa vumbi, vumbi linakuwa lami, lami inarudi kuwa saruji ile ile, na kila akikata kona anajikuta mwanzoni mwa barabara nyingine inayofanana na aliyoiacha. Mbele yake anatangulia mtu mwenye koti jeupe na raba nyeupe za manesi, na mtu huyo anapogeuka kumsubiri, Naelijwa anaona kwamba hana uso. Pale palipopasa kuwa na macho na pua ni laini tupu, kama mgongo wa bakuli. Ajabu ni kwamba haogopi. Anamwuliza, njia hii inakwenda wapi? Yule asiye na uso anasema, inakwenda anakokwenda anayeuliza. Anamwuliza tena, basi tutafika lini? Anajibiwa, utakapoachia mdomo wako. Ndipo Naelijwa anagundua kwamba muda wote huo anatembea kafunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba siri inaweza kumponyoka yenyewe, na anapojaribu kuushusha mkono, mkono hautaki, na barabara inazidi kwenda nao wanazidi kuifuata hadi wanaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo. Humo watu wanapita wamenyooka, wamevaa vizuri, lakini kwenye vioo ni wengine: mchungaji anayetembea kwa madaha njiani, kiooni anachechemea, mwalimu mkuu aliyebeba fimbo, kiooni kajishika kiuno anatafuta choo, bibi mmoja mwenye kilemba kirefu, kiooni hana unywele hata mmoja. Naelijwa angecheka, ila anaona kitu cha kumkata kicheko. Hakuna anayekitazama kioo cha mwenzake. Kila mtu anakodolea chake, anajaribu kukiziba kwa mgongo wake, na kila akikiziba hiki, kingine kinafunguka upande wa pili. Mbona hawatazamani? anauliza. Asiye na uso anasema, mwenye chungu motoni haonji cha jirani. Naelijwa anamwambia, wewe humjui Ndeshi.

Na kwa kulitaja jina hilo ni kama kaliita, maana mji unajikunja, vioo vinakuwa turubai, barabara inakuwa uwanja wa nyumba yake mwenyewe, na ni Jumamosi. Wajomba wameketi. Wageni wameketi. Hakuna hata mmoja mwenye uso, wote ni koti na kofia na kitenge juu ya ule utupu laini, na katikati yao anasimama mtu mmoja tu ambaye uso wake umekamilika, naye ni Ndeshi, na kinywa chake kinazidi kukua. Anaomba nafasi kama mtani. Mtani hanyimwi. Anaanza na mwendo wa Naelijwa, anauigiza, na turubai zima linatikisika. Anahamia kwenye makande yake, anasema mahindi yale yanafaa kujengea msingi wa nyumba. Anasimulia jinsi Naelijwa alivyompeleka jirani kwa mtendaji wa kijiji kwa ajili ya jogoo, na jogoo mwenyewe akaja kutoa ushahidi. Wasio na nyuso wanacheka, sijui kwa midomo gani. Kisha Ndeshi ananyanyua mkono na kusema, bado jambo moja. Naelijwa anataka kupiga kelele lakini kiganja kimegandamana na midomo. Analiona lile neno linakuja, anamwona bintiye mlangoni kavaa kitenge kipya, anawaona wajomba wakiinama mbele ili wasikie vizuri, na yule wa koti jeupe anamwinamia sikioni, anasema, kitendawili. Hata kwenye ndoto mtu akitegewa huitika, na Naelijwa anaitikia ndani kwa ndani, tega. Anaingia jikoni kwako kila siku, kila chungu anakipigia ngoma, kimoja hakigusi. Kwa nini? Naelijwa anajibu, kwa sababu hajakiona. Asiye na uso anasema, ndiye anayekifunika.

Na hapo Naelijwa anakumbuka, si kwa mpangilio, bali kama vitu vinavyomwagika kabatini. Anakumbuka mazishi ya kaka yake, Ndeshi kajilaza kando ya kaburi kadai marehemu alipe kwanza deni la pombe, ukoo mzima ukavuliwa nguo kwa maneno, na kifafa hakikutajwa. Anakumbuka harusi ya jirani, wigi lake Naelijwa likichambuliwa mbele ya umati, na kifafa hakikutajwa. Anakumbuka kliniki zote, kila anapofika dirishani Ndeshi anamtukana kwa sauti juu ya viatu vyake, watu wote wanatazama viatu, na jalada linakuwa limeshapita kwa nesi bila jicho la mtu kuligusa. Yeye alidhani ni dharau. Miaka yote hii alikaa anauogopa mlango ambao mwenzake alikuwa ameuegemea kwa mgongo usifunguke. Ee Mungu, anasema, na anasikia kwamba amesema kwa sauti, mkono umeshuka, mdomo uko wazi, na badala ya siri kinachotoka ni shukrani, nyingi, zisizo na mpango, anamshukuru Ndeshi kwa viatu, kwa wigi, kwa jogoo, analia na kushukuru huku turubai likijikunja na wageni wakiyeyuka mmoja mmoja, ila kile kinywa hakiondoki, kinazidi kusogea na sauti yake inazidi kupanda.

Rudini kwenye foleni, sauti inasema, hamjawahi kumwona Mpare akilala? Naelijwa anafumbua macho. Yuko sakafuni, kalazwa kwa ubavu, kichwani kuna sweta lililokunjwa, na kanga ya Ndeshi imemfunika kuanzia kiunoni hadi miguuni. Wanawake wawili asiowajua wameshika kitenge kwa ncha, kama pazia, kati yake na wenye benchi. Ndeshi kapiga magoti kando yake. Mlango unafunguka, Mama Lyatuu anatoka akishusha mkono wa gauni, anasimama ghafla, anauliza mkwe wake amepatwa na nini. Mzee mmoja wa benchini anafungua mdomo kumjibu, na Ndeshi anamuwahi.

Amepatwa na Upare, shangazi. Tangu jana hajala, anatunza tumbo kwa ajili ya ng'ombe wenu wa Jumamosi.

Benchi zima linaangua kicheko. Yule mzee anacheka pia, anamtazama Ndeshi kidogo, kisha anafunga mdomo wake na kuinamisha kichwa. Mama Lyatuu anacheka kwa mkono kifuani, maskini mama wa watu, na anakwenda mwenyewe kutafuta uji kwa wauzaji wa getini. Naelijwa anausikia ulimi wake unauma upande mmoja, na kuna ladha ya damu anayoijua vizuri. Anauliza kwa sauti ndogo, Ndeshi, nimelala?

Ndeshi anainama kana kwamba anaiweka kanga sawa. Umelala, mtani, anasema polepole. Daktari anakuja, nimeshamwambia. Usihangaike na kitu.

Naelijwa anatazama dari. Ulimi unasema moja, benchi linasema jingine, na kati ya ulimwengu ule ambamo alianguka na huu ambamo Mpare mmoja alizidiwa na njaa, hajui upi ndio wa kweli, wala leo hana haja ya kuuliza. Mama Lyatuu anarudi na kikombe, anachuchumaa, anamnywesha kwa mkono wake, anamwambia, kunywa mkwe, Jumamosi tunakutaka na nguvu zako. Uji ni wa moto, una limau, na Naelijwa anaona kwamba lazima amshukuru Ndeshi sasa hivi, mbele ya watu, na mtani hashukuriwi kwa asante. Anameza. Anakusanya pumzi.

Mwondoeni huyu Mchaga, anasema, ananipapasa kama mtu aliyesikia sarafu ikidondoka.

Wanacheka tena, na Ndeshi anacheka kuliko wote, anacheka hadi machozi yanamtiririka waziwazi na hayafuti. Chini ya kanga, pale wasipopaona, mkono wake umeukamata wa Naelijwa.